Chama cha utalii: Mfanyabiashara wa Mbale ananunua nini kwa ada yake?

MBALE, Uganda – Gari la watalii linalotoka Kampala kwenda maporomoko ya Sipi hupita Mbale, na mara nyingi husimama kwa muda wa kujaza mafuta tu. Gari limekodiwa Kampala, dereva ametoka Kampala, chakula cha njiani kimenunuliwa kabla ya safari na kitanda cha usiku kimelipiwa wiki kadhaa nyuma. Mwenye gari la kukodisha, nyumba ya wageni au jiko la chakula katika mtaa wa Namakwekwe, Divisheni ya Kaskazini ya Jiji la Mbale, hubaki akitazama vumbi.

Mfanyabiashara wa namna hiyo anapouliza afanye nini, ushauri anaopewa ni mmoja: ajiunge na chama cha utalii. Ushauri huo ni mzuri lakini haujakamilika. Vyama ni vingi, kila kimoja kina kazi yake, na ada hulipwa kabla mgeni wa kwanza hajaonekana. Makala haya yanaeleza chama kinauza nini hasa, biashara ipi ijiunge wapi, na jinsi ya kupiga hesabu kabla ya kutoa fedha.

Soko lipo

Mbale, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 1, 2020 pamoja na Jinja, iko chini ya Mlima Elgon. Kilele cha juu cha mlima huo, Wagagai, chenye urefu wa mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ya Uganda ilitangazwa mwaka 1993, na upande wa Kenya una hifadhi yake tangu 1968. Katika eneo hilo hilo kuna maporomoko ya Sipi wilayani Kapchorwa, michoro ya miambani ya Nyero wilayani Kumi, mashamba ya kahawa ya arabika ya Bugisu na jumuiya ya Wayahudi wa Abayudaya katika kilima cha Nabugoye. Kila mwaka wenye namba shufwa, kama 2022 na 2024, hufanyika tohara ya kimila ya Imbalu, ambayo kwa kawaida huzinduliwa mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto nje kidogo ya Mbale.

Jinja, kiasi cha kilomita 80 mashariki mwa Kampala, ina chanzo cha Mto Nile na michezo ya mashua. Anayetoka Jinja kwenda Mbale hupita Iganga na barabara ya Tirinyi, au huzunguka kwa Tororo. Upande wa pili ziko njia za mpakani za Busia, Malaba, Lwakhakha na Suam. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Maana yake ni kwamba familia ya Bungoma au Eldoret inaweza kufika Sipi mwishoni mwa juma bila pasipoti. Aidha, katika hifadhi za Uganda raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa kutoka mbali.

Kwa hiyo wageni wapo. Tatizo la Namakwekwe ni namna fedha za wageni hao zinavyogawanywa.

Chama kinauza uaminifu

Fedha nyingi za safari hugawanywa na mtu mmoja: mwendesha safari aliyeko Kampala, Nairobi au Ulaya. Yeye ndiye anayepanga ratiba, anachagua gari na kitanda, kisha anamuuzia mgeni kila kitu kwa bei moja. Gari likiharibika njiani au kitanda kikiwa na kunguni, mgeni atamdai yeye. Kwa sababu hiyo hatafuti bei ya chini peke yake. Anatafuta mtu atakayeweza kumpata na kumwajibisha mambo yakiharibika.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua jambo hili vizuri. Hakuna anayepakia lori la mahindi au maharage kumpelekea mteja mpya ng'ambo ya mpaka bila kuuliza kwanza, "Nani anamjua huyu?" Wanauchumi husema muuzaji ana habari ambazo mnunuzi hana, na biashara hukwama hadi apatikane mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote mbili. Chama cha utalii, kikifanya kazi yake, ndiye mtu huyo wa kati. Kimeona leseni ya mwanachama, kimekagua ofisi au gari lake, kina kanuni za maadili na kina mahali pa kupeleka malalamiko.

Hapo ndipo thamani ya ada ilipo. Nembo ukutani, cheti na jina katika orodha vina uzito ikiwa tu chama kinakagua wanaoingia na kinawaondoa wanaokosea. Chama kinachompokea kila anayelipa hakina uaminifu wa kuuza.

Leseni si uanachama

Wengi huchanganya mambo mawili. Leseni ni takwa la sheria, uanachama ni hiari. Chini ya Sheria ya Utalii ya Uganda ya mwaka 2008, Bodi ya Utalii ya Uganda (UTB) ndiyo yenye jukumu la kusajili, kukagua na kutoa leseni kwa biashara za utalii. Bodi hiyo pia huzipanga hoteli katika madaraja ya nyota kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hakuna chama kinachoweza kumpa mtu ruhusa hiyo, wala kadi ya chama haimkingi asiye na leseni pale wakaguzi wanapofika.

Vile vile, leseni ya biashara inayotolewa na jiji haichukui nafasi ya leseni ya utalii. Mwenye nyumba ya wageni anahitaji kujua analipa nini, kwa nani na kwa ajili gani, ili asije akalipa mara mbili huku, na kudaiwa kule.

Biashara ipi ijiunge wapi

Vyama vya utalii vya Uganda vimegawanyika kwa kazi. Chama cha Waendesha Safari za Kitalii Uganda (AUTO), kilichoanzishwa mwaka 1995, ni cha kampuni zinazopanga na kuuza safari kamili. Wenye hoteli na nyumba za kulala wageni wana Chama cha Wamiliki wa Hoteli Uganda (UHOA). Waongoza watalii wana chama chao, USAGA, na mawakala wa tiketi za ndege wana TUGATA. Chama cha Utalii wa Jamii Uganda (UCOTA), kilichoanzishwa mwaka 1998, ni cha vikundi vya vijijini na mitaani: wafuma vikapu, wapishi wa vyakula vya asili, wacheza ngoma, wenye kambi ndogo na wanaopokea wageni majumbani.

Mwenye gari moja la abiria Namakwekwe anaweza kuvutiwa na AUTO kwa sababu ya jina lake. Lakini kama kazi yake ni kukodisha gari na dereva, na hapangi safari, hana sababu ya kujitangaza kuwa mwendesha safari. Anaweza kufaidika zaidi kwa kuwafahamu wanachama wa AUTO na kuwa msafirishaji wao wa upande wa mashariki. Kikundi cha akina mama kinachokaanga kahawa na kuwapikia wageni kina nafasi yake UCOTA. Nyumba ya wageni yenye vyumba vinane inatazama UHOA au chama cha eneo.

Vyama vya eneo, yaani vile vinavyokusanya biashara za aina zote katika ukanda mmoja kama Elgon au Jinja, ni jambo tofauti. Humo mwenye hoteli hukaa meza moja na mwenye mashua, mwenye gari na muuza vinyago. Faida yake ni kwamba biashara hizo zinategemeana: mgeni akilala Mbale usiku mmoja zaidi, wote wanauza. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi chama cha eneo hutegemea nguvu za watu wawili au watatu, na wakichoka nacho hulala.

Kutoka mtaani hadi Afrika Mashariki

Wapo wanaoamini kwamba duka au nyumba ya wageni inaweza kujiunga moja kwa moja na chombo cha Afrika Mashariki nzima. Kwa kawaida njia haiko hivyo. Biashara hujiunga na chama cha kazi yake, vyama hivyo hukutana katika shirikisho la kitaifa, ambalo kwa Uganda ni UTA, na mashirikisho ya kitaifa ndiyo yanayozungumza kwa niaba ya sekta katika ngazi ya kanda. Kenya ina KTF na Tanzania ina TCT kwa kazi hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 liliundwa Jukwaa la Utalii la Afrika Mashariki (EATP) kuyakutanisha mashirikisho hayo.

Ngazi hiyo inaonekana kuwa mbali na Namakwekwe, lakini maamuzi yake yanafika. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutoa viza moja ya watalii kwa dola 100 za Marekani, yenye siku 90 na ruhusa ya kuingia na kutoka katika nchi hizo tatu. Mgeni aliyekuwa Kenya na viza hiyo anaweza kuvukia Malaba na kupanda Elgon bila kulipia viza nyingine. Oktoba 2021 maonyesho ya kwanza ya utalii ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalifanyika Arusha. Mwenye nyumba ya vyumba vinane hawezi kumudu banda katika maonyesho kama hayo peke yake, lakini biashara kumi zikichangia chini ya chama kimoja zinaweza.

Nyaraka za kuandaa

Kila chama kina fomu yake na masharti yake, na huweza kuyabadilisha. Hata hivyo, nyaraka zinazoulizwa hazitofautiani sana. Kwanza ni cheti cha usajili wa jina la biashara au kampuni kutoka URSB. Pili ni namba ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) na uthibitisho kwamba kodi zimelipwa. Tatu ni leseni ya biashara ya jiji. Nne ni leseni ya UTB, au ushahidi kwamba maombi yamepelekwa. Tano ni akaunti ya benki yenye jina la biashara. Baadhi ya vyama huongeza ukaguzi wa ofisi na udhamini wa wanachama wa zamani.

Akaunti ya benki na stakabadhi ndizo zinazowaangusha wengi. Kampuni ya Kampala au Nairobi inayolipa kwa vitabu haiwezi kutuma malipo ya kila mwezi kwenye simu ya mtu binafsi bila ankara. Anayetaka kuuza kwa makampuni lazima kwanza aweze kutoa ankara inayokubalika kwa kodi. Kazi hii ina faida hata kama mtu hatimaye ataamua kutojiunga na chama chochote.

Gari linalovuka mpaka

Kwa wasafirishaji, jambo la kwanza ni bima. Gari lenye bima ya matumizi binafsi halipaswi kubeba wageni wanaolipa, kwani ajali ikitokea kampuni ya bima inaweza kukataa madai. Gari la abiria wa kulipia linatakiwa kuwa na leseni ya kubeba abiria na bima inayolingana na kazi hiyo.

Likivuka kwenda Kenya linahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hupanua bima ya mtu wa tatu hadi nchi nyingine zilizo katika mpango huo. Msafirishaji akumbuke kwamba kadi hiyo hailipi uharibifu wa gari lake mwenyewe. Pia dereva awe na kadi ya gari na, kama gari si lake, barua ya mwenye gari. Gari hupewa na forodha kibali cha kuingia kwa muda, na siku zikipita kabla halijatoka, faini ni ya mwenye gari. Busia, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018, taratibu za nchi mbili hufanyika mahali pamoja, jambo linalofupisha kazi kwa mwenye nyaraka kamili.

Mwendesha safari anapomwomba msafirishaji wa Mbale ampokee mgeni Malaba, maswali yake ya kwanza huwa haya. Mwenye majibu tayari amepita nusu ya njia, akiwa mwanachama au la.

Hesabu ya ada

Tuchukue mfano wa mwenye gari la abiria. Takwimu hizi ni za kuelezea tu na si bei za chama chochote. Tuseme kiingilio na ada ya mwaka ni shilingi 600,000 za Uganda. Mikutano minne Kampala, kila mmoja nauli ya 60,000 kwenda na kurudi, ni 240,000. Jumla ya gharama ni 840,000.

Gari hukodishwa 300,000 kwa siku. Mafuta, dereva na uchakavu ni 210,000, hivyo linabaki 90,000. Ukigawanya 840,000 kwa 90,000 unapata siku tisa na kidogo. Yaani inabidi chama kimletee siku 10 za kazi mpya kwa mwaka ili arudishe fedha yake.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro. Mwendesha safari hanunui kwa bei ya mteja wa barabarani, kwa sababu naye anataka faida yake. Akiomba punguzo la asilimia 10, bei inakuwa 270,000 na kinachobaki ni 60,000. Sasa siku zinazohitajika ni 14. Na kama analipa siku 30 baada ya kazi, mwenye gari lazima awe na fedha ya mafuta na ya dereva ya mwezi mzima mfukoni. Wengi hawaanguki kwa kukosa wateja. Wateja wanakuja, fedha ya kuwahudumia inakosekana.

Jambo muhimu ni neno "mpya". Mteja ambaye angekuja hata bila chama asihesabiwe. Mwanachama makini huweka daftari na kumuuliza kila mteja, "Nani amekuelekeza kwetu?" Mwisho wa mwaka daftari hilo ndilo litakaloamua kama alipe tena.

Faida isiyoonekana katika daftari

Ipo faida moja ambayo daftari halitaionyesha. Mwaka 2011 maporomoko ya Bujagali karibu na Jinja yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme, na biashara za mashua zikalazimika kuhamia chini zaidi mtoni. Mwaka 2019 bwawa la Isimba lilizinduliwa chini ya hapo, na sehemu nyingine ya mto ikabadilika. Maporomoko ya Kalagala na Itanda yalikuwa yamewekewa ulinzi katika makubaliano ya mwaka 2007 kati ya serikali ya Uganda na Benki ya Dunia. Maamuzi ya aina hii hufanyika katika meza ambayo mwenye mashua moja hana kiti. Akiwa peke yake atayasikia redioni. Chama chenye wanachama na kumbukumbu kinaweza kuandika barua, kuomba kikao na kudai majibu.

Mbale nayo ina mfano wake. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Habari za namna hiyo zinapotoka, mgeni aliyeko mbali hajui ni barabara ipi imekatika na ipi inapitika, na rahisi kwake ni kufuta safari nzima. Taarifa moja inayoaminika, inayosema wazi palipo na hatari na palipo salama, huokoa maisha kwanza na biashara baadaye. Sauti hiyo haiwezi kutolewa na kila mwenye nyumba ya wageni kwa wakati wake.

Maswali kabla ya kulipa

Kabla ya kutoa ada, mfanyabiashara aombe katiba ya chama na asome sehemu ya fedha. Aulize mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini, na kama taarifa ya hesabu ilisomwa. Aulize ni wanachama wangapi wameondolewa au kuonywa kwa kuvunja kanuni. Awapigie simu wanachama watatu wa kazi kama yake, walio nje ya Kampala, na kuwauliza wamepata nini. Alipe katika akaunti ya chama, kamwe si kwa simu ya kiongozi, na adai stakabadhi.

Aidha, awe macho na chama kinachotaka kuwapangia wanachama bei moja. Uganda ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2023, na washindani kukubaliana bei ni jambo linaloweza kuwaingiza matatani. Kukubaliana ubora wa huduma ni sawa, lakini bei kila mtu ajipangie.

Asiye na uwezo wa ada leo anaweza kuanza kwa hatua ndogo: akamilishe leseni, afungue akaunti, arekebishe bima, kisha aungane na majirani wachache wenye kazi zinazokamilishana. Nyumba ya wageni, gari, mpishi na mwongoza watalii wanaopeana wateja mtaani Namakwekwe tayari wameanza chama, hata kama hakijapata mhuri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa siku hizi hupangiwa njia kabla hajaondoka kwao, na mwenyeji anayetaka kupona lazima jina lake liwe limemfikia mpangaji mapema.